Jiwe la Kilolo Katika Kinu cha Chunya

Mdogo wangu wa kiume alifika kutoka Chunya Jumapili, tukiwa tumetoka ibadani. Hakuniamkia kama kawaida yake. Alivuta kigoda, akaketi karibu na jiko langu la supu, akatoa mfukoni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa, akaifungua taratibu juu ya goti.

"Dada, angalia, lakini usipumue."

Niliona vumbi la njano, kidogo kuliko chumvi inayobaki kidoleni ukishaonja mchuzi.

"Imetoka wapi?"

"Shambani kwetu," akasema. "Pale chini ya miti ya baba."

Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, baba akitangulia, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili nibaki na wadogo zangu wawili, huyu wa kiume na wa mwisho wa kike. Tangu hapo naishi Kilolo, nalima, na asubuhi nauza supu na chapati karibu na stendi. Wa kiume alipokua alikwenda Chunya, upande wa Mbeya, kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo marefu ambayo mtu hushushwa kwa kamba. Wa kike alisoma. Mkopo wa serikali ukamchukua hadi chuo kikuu, na huko alichagua kusoma mawe. Watu wa stendi walicheka sana. "Mtoto ametoka Kilolo penye mawe, amepanda basi kwenda kusomea mawe."

Baba alituachia shamba la mteremkoni na misindano aliyoipanda mwaka wa mwisho wa uhai wake. Misindano haina haraka. Ukiivuna ingali michanga unapata mirunda ya kujengea, ukiivumilia unapata mbao. Mama kabla hajafariki aliniambia nisiiguse mpaka iwe mbao, kisha kila mmoja wetu aanzie maisha hapo. Makaburi yao yako pembeni ya miti hiyo.

Alipokuja kwa sikukuu ya Krismasi, mdogo wangu aliona mahali mvua ilipochimbua kijifereji kwenye mteremko. Mwamba ulikuwa wazi, una michirizi ya kutu na doa la kijani, na ndani yake vitu vinametameta. Kwa mtu wa Chunya, kutu na kijani ni salamu. Alichimba shimo la kufika kiunoni, akajaza mawe kwenye kiroba, akaondoka nayo. Sasa amerudi na karatasi.

"Nimetwanga mwenyewe, nimeosha mwenyewe kwenye karai," alisema. "Mkia ukatoka. Si mrefu, lakini mkia ni mkia."

Mkia ni ule mstari mwembamba wa njano unaobaki ukingoni mwa karai mchanga ukishatangulia na maji. Watu wa huko huuangalia kama sisi tunavyoangalia mawingu ya Novemba.

Halafu akasema yaliyobaki. Ameongea na mnunuzi wa mirunda. Angekuja baada ya Pasaka kukata miti yote. Fedha hiyo ingelipia kompresa, mbao za kuzuia kuta za shimo na chakula cha vibarua.

"Miti ile bado, mdogo wangu."

"Miti itaota mingine."

"Na makaburi?"

"Nitakwepa. Nitaingilia upande wa chini." Akaikunja karatasi. "Dada, sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Ni kweli. Hajawahi. Hata alipokuwa mdogo alikuwa akiona sufuria ni ndogo anasema ameshiba kwa jirani. Ndiyo maana sikuweza kumjibu hapana palepale. Kwenye nyumba yetu neno langu ndilo la mwisho. Hawajanipa wao, vifo ndivyo vilivyonipa, na mtu aliyepewa neno la mwisho kwa njia hiyo huliogopa. Nilimwambia tusubiri mdogo wetu aje likizo, yeye ndiye amesomea. Akakubali haraka mno. Alikuwa na hakika mawe yangesema mamoja kwa msomi na kwa mchimbaji.

Wa mwisho alikuja wiki moja kabla ya Pasaka, na begi la nguo na nyundo. Mvua za masika zilikuwa zinamwagika. Tulishuka naye shambani tukiwa tumejifunika mifuko ya mbolea. Aliruka ndani ya shimo, akavunja kipande, akakilamba, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akatoa mfukoni sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwa uzi. Akaining'iniza karibu na jiwe. Sumaku ilining'inia tu, kama mtu asiyemjua aliyekaa naye.

"Vinavyong'aa ni nini?" nilimuuliza.

"Ulanga, dada. Ule wanaoweka kwenye vioo vya majiko ya zamani. Hauna thamani kwa vipande hivi."

"Na kijani?"

Alikwangua kwa ukucha. Lile doa likatoka likiwa laini na lenye unyevu. "Hili ni kuvu tu la mvua," akasema kwa sauti ndogo, akamtazama kaka yake kwa jicho la kumwomba radhi.

Kaka yake alikuwa amesimama juu ya shimo. "Basi umemaliza? Jiwe umelilamba, umelipa sumaku, umesema kuvu. Na karatasi yangu je?"

"Sijamaliza, kaka. Karatasi yako ni ushahidi. Karai linasema kuliko sumaku yangu. Sijui tu vinapatanaje."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Angeweza kumnyamazisha.

Kesho yake nilipokuwa napika supu nilimwambia anieleze mpaka nielewe, kwa sababu mwamuzi ni mimi na siwezi kuamua juu ya kitu nisichokielewa. Kaka yake alikuwa ameketi mlangoni anachonga mpini wa jembe, anajifanya hasikii.

"Mawe ya aina hii," alianza, "yalikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi. Yanaitwa miamba ya moto. Uji ukipoa polepole chini huko ndipo unapata itale, kama hii yetu, kama yale majabali ya Iringa mjini. Kwa macho zote ni itale. Lakini kemia yake ni tofauti, kama supu hii na supu ya jirani."

"Supu ya jirani ni maji," kaka yake akasema kutoka mlangoni.

"Haya. Sasa, karibu kila uji wa moto una shaba kidogo na dhahabu kidogo mno, zimetawanyika. Hazifai kitu zikiwa zimetawanyika. Lazima kitu kizikusanye mahali pamoja. Na ndani ya uji huohuo kuna salfa."

"Kiberiti."

"Ndiyo, dada. Salfa inapenda shaba na dhahabu kupita kiasi." Alichukua kijiko changu cha mafuta, akaumiminia mchuzi niliokuwa nimeutia binzari. Mafuta yalitawanyika kuwa matone, na kila tone likaanza kugeuka manjano kuliko mchuzi wenyewe. "Unaona? Mafuta hayachangamani na maji, lakini yanaivuta rangi. Salfa ikijitenga kwenye uji wa moto inakuwa matone kama haya, yanavuta shaba yote na dhahabu yote. Tofauti ni kwamba haya yanaelea, yale ni mazito. Yanazama chini sana, yanabaki huko ambako hakuna duara litakalofika. Uji unaopanda juu unakuwa umeshapokonywa. Unapoa, unakuwa itale nzuri, ya kujengea msingi wa nyumba, haina kitu."

"Na kwenye dhahabu inakuwaje?"

"Huko uji una oksijeni ya kutosha. Oksijeni inaishika salfa, wanakuwa chumvi, salfa haijitengi matone. Kwa hiyo shaba na dhahabu zinaachwa huru, zinaendelea kupanda pamoja na uji. Na uji wenyewe uwe na maji mengi ndani. Unapopoa na kuganda, maji hayana pa kukaa, yanatoka kwa nguvu kwenye nyufa, ya moto sana, yamebeba shaba na dhahabu. Yakipoa kwenye nyufa yanaziacha pale. Ndipo salfa nayo inageuka, inakaa nazo. Ule mwamba wa kaka wa Chunya wenye njano na kijani ni shaba na salfa, na dhahabu imejificha humo."

Kaka yake aliweka mpini chini. "Kwa hiyo salfa ni mwizi na oksijeni ni polisi."

"Kidogo hivyo."

"Basi dada ni oksijeni. Kila senti niliyotaka kunywea ulanzi ameishika."

Tulicheka wote watatu, na kwa muda mfupi jambo lenyewe likasahaulika.

Niliuliza anajuaje uji wa zamani ulikuwa na oksijeni au haukuwa nayo, maana hakuwepo. Akasema sumaku. Uji wenye oksijeni huacha ndani ya jiwe punje nyeusi za chuma zinazovutwa na sumaku. Wenye maji mengi huacha vijiti vyeusi vya madini fulani. Jiwe letu halina punje wala vijiti, lina ulanga mwingi, na hiyo ni dalili ya uji uliotokana na matope ya zamani yaliyozama na kuyeyuka. Matope yana masizi ya viumbe vilivyooza, na masizi hula oksijeni. "Ulikuwa uji wenye njaa," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini nisiwadanganye. Dhahabu ina njia nyingi. Hata Chunya kwenyewe wataalamu wanabishana maji yaliyoileta yalitoka kwenye itale ile au yalitoka mbali zaidi. Mimi nasema tu kwamba kwa mwamba huu, ningeshangaa sana."

Kaka yake akasema, "Basi njoo Chunya ushangae."

Ndivyo tulivyosafiri. Nilimwachia jirani jiko, tukabeba kiroba cha mawe mapya kutoka shimoni, tukashuka Iringa, tukapanda basi la Mbeya. Nilikuwa sijawahi kupita Makambako. Pale barabara inaposhuka kuelekea uwanda wa Usangu niliona ng'ombe wengi kuliko niliowahi kuwaona, na wachungaji waliovaa shuka wakiwa wamesimama majini kwenye mpunga. Wa mwisho alikuwa dirishani anataja milima. Wa kiume alilala njia nzima, au alifumba macho. Kiroba alikiweka katikati ya miguu yake.

Kutoka Mbeya hadi Chunya barabara inapanda mpaka masikio yanaziba, kisha inashuka kwenye joto na miombo. Kijiji cha wachimbaji kilikuwa na mabanda ya turubai, misikiti miwili ya mabati, makanisa mengi zaidi, na kelele za mashine za kusaga mawe. Aliyepewa heshima kuliko wote pale hakuwa mwenye duara. Alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, mnene, mwenye vitenge viwili, aliyekuja na familia yake kutoka kaskazini wakiwa na ng'ombe, na ng'ombe walipokwisha akanunua vinu. Vinu vya chuma, vilivyokatwa kwenye mabomba makubwa na kuchomelewa kitako. Mchimbaji asiye na mawe mengi haendi kwenye mashine. Anakuja kwa mama huyu, anatwanga kwa mchi wa chuma, anaosha kwenye karai.

"Mwangaluka," alitusalimu kwa Kisukuma, na nilipomjibu "Kamwene" kwa Kihehe akacheka mpaka vitenge vikalegea. "Haya, mimi nimekusalimu kwangu, wewe umenijibu kwako, tumeelewana. Huyu kijana ni wenu? Kumbe ana watu. Kila siku anakula wali mkavu kama hana dada."

"Leo ana dada wawili," nilisema.

"Mmoja anaonekana mwalimu."

"Anasomea mawe."

"Maskini," yule mama akasema kwa huruma ya kweli. "Na umri mzuri namna hii."

Mdogo wetu wa kike alikwenda kwanza kwenye miamba iliyo karibu na maduara. Akaining'iniza sumaku yake, nayo safari hii ilijisogeza yenyewe ikagota jiwe, ka. Wachimbaji walikusanyika. Mmoja akamwambia, "Injinia, ipeleke kwenye mfuko wangu tuone kama kuna kitu." Akaipeleka kweli, haikucheza, watu wakaanguka kwa kicheko. Aliwaonyesha vijiti vyeusi ndani ya itale ya pale, akawaeleza habari ya salfa na oksijeni kwa mfano wa polisi, si wa mafuta. Nilimwona kaka yake akisimama nyuma ya watu, kifua mbele. Alikuwa anajivunia. Nadhani katika safari ile yote ndiyo saa pekee aliyosahau kiroba.

Mchana tukakaa kwenye vinu. Wa kiume alianza kumimina mawe yetu kwenye kinu kilekile alichotumia mara ya kwanza. Dada yake akamshika mkono.

"Ngoja, kaka. Chuoni kabla ya kusaga jiwe jingine tunasaga kwanza mchanga mweupe mtupu, tunautupa, tunafuta, ndipo tunasaga letu. Hapa mnaoshaje kinu?"

"Kinu hakioshwi, mdogo wangu." Alisema akicheka, kwa sauti ya mwenyeji anayemfundisha mgeni. "Ukiosha kinu cha mama umemwibia. Vumbi linalobaki ndani ndiyo kodi yake. Wewe unatwanga, unachota chako kwa mkono, unaondoka. Yeye mwisho wa wiki ana..."

Hakumalizia. Mkono wake ulibaki ndani ya kinu.

Mdogo wetu wa kike alitazama chini, akaanza kuukunja na kuukunjua ule uzi wa sumaku. Mimi nilikuwa nimeelewa, lakini nilitamani nisiwe nimeelewa, kwa sababu niliiona ile sura ya kaka yake. Niliiona mara ya kwanza siku niliyomwambia kwamba mama hatarudi kutoka hospitali ya Iringa. Hakulia siku ile. Aliuliza kama aendelee kuchota maji.

Yule mama wa Kisukuma alikuwa anasikia yote kutoka kwenye kigoda chake. "Kuna nini?" akauliza. Nikamweleza kwa kifupi: jiwe la kwetu, mkia uliotoka, miti ya baba.

"Alitwanga jiwe la Iringa humu?" Akashika kiuno. "Mwanangu, humu ukitwanga hata mfupa wa kuku utapata mkia. Mbona hukuuliza?"

"Nilijua," mdogo wangu akasema. "Kila siku najua. Ila kila siku natwanga mawe ya hapahapa. Sikuwahi kuwa na sababu ya kufikiri."

Ni kweli. Kwa mawe ya Chunya ile desturi haina madhara. Vumbi la leo linamlipia wa kesho, na mwisho wa wiki mama anapata chake. Inakosea tu kwa mtu aliyebeba jiwe kutoka nyumbani kwake.

Mdogo wangu wa kiume aliinuka, akaenda barabarani, akarudi na kokoto, yale mawe meusi ya kujengea barabara yaliyoletwa na malori. Akayatwanga palepale kwenye kinu, bila haraka, akaosha kwenye karai, akizungusha maji kwa ule mkono wake wa kuzoea. Wachimbaji wawili walisogea. Mchanga ukatangulia, mweusi ukafuata, na ukingoni ukabaki mkia mwembamba wa njano.

"Barabara yetu ya dhahabu," mmoja wao akasema, na hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Hapo ningeweza kusema yameisha. Lakini nilimtazama nikaona kwamba akiondoka hivyo atabaki na swali, na swali la namna ile humla mtu. Nikamwomba yule mama ruhusa ya kuosha kinu. Nikamwambia kila tone la maji liwe lake. Alinitazama kidogo, kisha akakiosha mwenyewe, kwa brashi, akikingia maji yote kwenye karai lake, akakirudia na kukirudia. Mdogo wetu wa kike alimletea mawe meupe ya kioo yasiyo na kitu, wakayatwanga, wakayatupa, wakafuta. Ilichukua alasiri nzima, na watu waliokuwa na zamu ya kinu walisubiri bila kunung'unika. Kila mmoja pale alikuwa na jiwe lake moyoni.

Ndipo wa kiume akatwanga jiwe la Kilolo. Akaosha. Ulanga ukaelea ukiondoka na maji kama magamba ya samaki. Mchanga mweupe ukaondoka. Akaosha tena, karai limeinamishwa karibu na uso wake. Hapakuwa na mkia. Hapakuwa hata na ule mchanga mweusi wa chuma, kama mdogo wake alivyosema.

"Sawa," akasema. Akalifunika karai.

Yule mama alimletea chai ya maziwa. "Kunywa. Mume wangu alichimba duara akidhani kuna dhahabu, likageuka kisima, sasa tunakunywa maji. Yaliyokupata wewe si mabaya."

Tuliporudi Kilolo hakuongea sana. Wa kike alijaribu kumweleza kwamba hakukosea kutazama, kwamba kutu na kung'aa hata wakubwa wake chuoni huvitazama. Akamjibu "najua" na kumkatia muwa. Pasaka ikapita, na kabla ya siku mbili mnunuzi wa mirunda akaja kweli, na pikipiki, msumeno wa mnyororo umefungwa nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Lakini mdogo wangu alinitangulia kwenye kijia, akamkuta mtu yule kabla hajashuka.

"Miti hatuuzi," akamwambia.

"Kijana, tulipeana mkono. Uliniambia kuna dhahabu chini yake."

"Nilitwanga kwenye kinu kichafu."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Hakuna. Nilikwambia kitu kisichokuwepo. Nisamehe, hata kwa mafuta ya pikipiki uliyoyachoma bure."

Yule bwana alikuwa mtu wa maneno. Alisema vijana wa siku hizi kila anayekwenda Chunya anarudi na akili ya karatasi ya sigara. Akasema atamwambia kila mtu Mafinga. Mdogo wangu alisimama akisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu mbele ya mzazi. Mwishowe yule bwana akachoka, akaitazama misindano kwa jicho la kazi. "Hii ikiachwa itakuwa mbao nzuri," akasema. "Ila inataka kupogolewa. Matawi ya chini yote yale ni fundo tupu kwenye ubao." Kisha akanigeukia mimi. "Nirudi lini, mama?"

"Muulize yeye," nilisema.

Mdogo wangu aliitazama miti, halafu makaburi, halafu akasema, "Ukisikia tumejenga kwa mbao hizi, usije. Ukisikia hatujajenga, njoo uulize."

Pikipiki ilipoondoka tulibaki wawili. Wa mwisho alikuwa nyumbani anasonga ugali. Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo siku ile ya karatasi. Kwa nini shambani kwetu. Chunya kuna dhahabu ya hakika.

"Chunya unashuka kwa kamba, dada. Kila asubuhi unamwangalia anayeishika. Mwaka jana wenzetu walifunikwa, tuliwatoa kwa majembe." Akakwaruza gome la mti kwa kidole. "Nikasema ikipatikana kwetu, nitachimba nikiwa nyumbani. Nitatoka shimoni nitakula kwako. Sikutaka utajiri mkubwa. Nilitaka tu sababu ya kurudi."

Sikuwa najua. Nilidhani miaka yote kwamba alikuwa akipenda huko.

"Rudi bila dhahabu," nilimwambia.

"Nikae nifanye nini?"

Supu yangu haiwezi kumpa mwanaume mzima kazi, na shamba ni dogo. Nilimwonyesha matawi ya chini aliyoyasema yule bwana, makavu, yameingiliana kutoka mti hadi mti mpaka mtu hawezi kupita wima.

Alikwenda nyumbani akarudi na panga na dada yake, ambaye mikono yake bado ilikuwa na unga. Alianza na mti wa kwanza karibu na kijia, akilifuata kila tawi hadi kwenye shina, akilikata karibu bila kujeruhi gome. Dada yake aliyavuta aliyoyakata, akayarundika kwa kuni. Walipofika mti wa nne au wa tano nilimsikia akimuuliza kama huko chuoni wanafundisha pia habari ya miti, au ni mawe tu. Akamjibu ni mawe tu, kaka, na hata hayo siyajui yote. Nikavua kanga ya pili, nikajifunga kiunoni, nikaanza kuvuta matawi ya upande mwingine.